Mgeni Anaposema Miguu Yake Imepoa

Jioni moja ya mwezi wa Juni, mpwa wangu alinipigia simu kutoka ofisini kwake mjini Moshi, katika kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro.

"Shikamoo, mjomba. Naomba nikusomee sentensi moja kabla sijajibu. Kuna familia ya Waingereza inaanza kupanda kesho, na naona wanahofia mvua."

"Marahaba, mama. Isome taratibu."

Akaisoma: "Dad is a bit under the weather, so we'll play it by ear tomorrow."

Jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Lilisema kwamba masika yamepita, kwamba Juni ni mwezi mzuri wa kupanda, na kwamba wageni wasiwe na shaka juu ya hali ya hewa. Lilikuwa jibu la adabu, na kila lilichosema kuhusu mvua kilikuwa kweli. Ila aliyeandika hakuwa akizungumzia mvua. Alikuwa akiiarifu ofisi kwamba baba yake hajisikii vizuri, na kwamba wangeamua asubuhi, kulingana na atakavyoamka, kama wapande au wasubiri.

Nilipoanza kumweleza, alinikatiza. "Aa, under the weather! Kutojisikia vizuri. Hiyo tulifundishwa kidato cha tatu, mjomba, na kwenye mtihani ilitoka."

Basi si kwamba hakuijua.

Hilo ndilo lililoning'ang'ania wiki zilizofuata. Mtu anaweza kuwa na maana ya nahau kichwani, akaiandika kwenye mtihani na kupata alama, kisha nahau hiyohiyo ikampita mbele ya macho siku anapoihitaji. Na siku hiyo hapakuwa na alama ya kupoteza. Palikuwa na mtu mgonjwa anayejiandaa kupanda mlima wenye kimo cha mita 5,895.

Muktadha uliopoteza njia

Sisi tunaofundisha lugha tuna ushauri mmoja ambao hatuchoki kuutoa: soma muktadha. Ninauamini ushauri huo hadi leo, lakini tukio la jioni ile lilinilazimisha kuuliza tunamaanisha nini tunaposema muktadha. Katika ofisi ile hali ya hewa ndiyo kazi yenyewe. Wageni huiulizia kabla ya kulipa, waongozaji hupiga simu kutoka kambini kueleza ukungu na theluji, na ratiba hubadilishwa kwa sababu yake. Neno "weather" likiingia mahali kama hapo, mahali penyewe panamsukuma msomaji kwenye mvua na mawingu. Mpwa wangu alisoma muktadha, na muktadha ndio uliompoteza.

Ninadhani tofauti iko hapa: kuna muktadha wa mahali, na kuna muktadha wa sentensi yenyewe. Wa mahali ulisema mvua. Wa sentensi ulisema ugonjwa, na ulisema kwa sauti kubwa kwa mwenye kuusikiliza.

Tuitazame tena sentensi ile. Anayehusika ni baba peke yake. Mvua ya mlimani hainyeshi juu ya baba ikawaacha mama na watoto, kwa hiyo kama shida ingekuwa hali ya hewa, kusingekuwa na sababu ya kumtaja mmoja. Kisha kuna "a bit", yaani kidogo. Ugonjwa unaweza kuwa kidogo na uchovu unaweza kuwa kidogo, lakini mtu hawezi kuwa chini ya kitu kidogo tu. Ama yuko chini yake, ama hayuko. Kisha kuna "so", kwa hiyo: mipango ya familia nzima kesho inategemea hali ya huyo mmoja. Maneno matatu mafupi, ambayo msomaji wa haraka huyaruka kwa kuwa anayajua, ndiyo yaliyobeba taarifa yote.

Nusu ya pili ya sentensi ina alama ya aina nyingine. "Play it by ear" ina "it" isiyo na mwenyewe. Msomaji akirudi nyuma kutafuta kitu kinachorejelewa, hakipati, kwa maana baba hachezwi na hali ya hewa haichezwi. Msemo umetoka katika muziki, kwa mpigaji anayepiga ala kwa kufuata sikio lake bila kusoma noti, na leo hutumika kwa yeyote anayeamua hatua kwa hatua, kadiri mambo yanavyokwenda. Kiingereza kimejaa "it" za namna hiyo: "call it a day", kuacha kazi kwa leo, "take it easy", kutojisumbua, "wing it", kufanya jambo bila maandalizi.

Na sisi tunazo tele. Mtu akiambiwa atakiona cha mtema kuni, hiyo "ki" ni ya kitu gani? Yakimfika mtu shingoni, ni yapi yaliyomfika? Amezaliwa na Kiswahili yule ambaye hasimami kuuliza. Kiambishi kisicho na mwenyewe ndicho kinachotuambia tuache kutafuta kitu na tuipokee kauli nzima kwa pamoja. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu jambo hili, nilishangaa jinsi walivyolikamata upesi, kwa sababu sikuwa nimewafundisha kitu kipya. Walikuwa nacho tangu utotoni.

Tulivyoyapata ya kwetu

Mtoto anasikia watu wazima wakisema kwamba jirani leo amevaa miwani. Anamtazama jirani, haoni miwani. Anachokiona ni mtu anayeyumba, mke aliyenyamaza, na wazee wanaoshusha sauti wanapolitamka neno hilo. Baada ya kulisikia hivyo mara kadhaa anakuwa amejua kwamba jirani amelewa, lakini anakuwa amejua pia kwamba neno hilo halisemwi mbele ya mhusika wala mbele ya watoto wake, na kwamba lina stara fulani ambayo neno "mlevi" halina. Vyote hivyo vilikuja pamoja.

Orodha ya safu mbili, nahau kushoto na maana kulia, huchukua kimoja tu kati ya hivyo. Kwenye orodha, "kick the bucket" ni kufa, basi. Hakuna safu ya kumwambia mwanafunzi kwamba msemo huo ni wa mzaha, na kwamba mwongozaji anayetaka kumpa pole mgeni aliyefiwa na baba yake hapaswi kuukaribia. Kwetu jambo hili halihitaji kuelezwa: hakuna anayeingia matangani akasema marehemu amekata kamba, ingawa kamusi itathibitisha kwamba kukata kamba na kufariki ni kitu kimoja.

Orodha haisemi pia nahau inakubali kugeuzwa kiasi gani. Kwa Kiswahili, mtu akitia chumvi habari, tunaweza kusema habari imetiwa chumvi, na maana inabaki palepale. Lakini msichana akivunja ungo, ukisema ungo umevunjwa, umebakiwa na ungo uliovunjika na hakuna zaidi. Kiingereza kina mgawanyiko huohuo. "Spill the beans", kutoboa siri, inageuzwa bila shida: "the beans were spilled". Ukijaribu kufanya hivyo kwa "kick the bucket", kifo kinatoweka na ndoo halisi inarudi. Ninajua walimu wanaoona haya kuwa mambo ya chuo kikuu. Mimi naona ni mambo ya siku ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi anakutana na nahau zikiwa zimegeuzwa, zimekatwa au zimeongezwa maneno katikati, na mara chache sana anazikuta zimenyooka kama zilivyo kwenye orodha.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba sasa hata nahau za Kiswahili tunawapa watoto kwa orodha.

Soksi na maji ya moto

Ninafundisha darasa la jioni la waongozaji wa mlimani. Baada ya simu ile niliwaomba wasinitafutie nahau vitabuni, bali waniletee sentensi walizozisikia huko juu, zikiwa nzima, pamoja na habari ya nani alisema, wapi na nini kilifuata.

Mmoja alileta hii. Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku, watu wanajiandaa kuondoka kuelekea kileleni. Mgeni mmoja amekaa mlangoni mwa hema lake, amekwisha kufunga viatu, na anasema: "I'm getting cold feet." Mwongozaji alifanya ambacho mwongozaji mwema hufanya: alimletea soksi nzito na chupa ya maji ya moto. Mgeni alizipokea, akashukuru, akazivaa, kisha akabaki amekaa. Wenzake waliposimama, alisema hawezi kwenda. Hakuwa na baridi miguuni. Alikuwa ameingiwa na hofu, na ndilo alilokuwa amesema tangu mwanzo.

Darasa zima lilimpa pole mwongozaji yule, na nilikuwa karibu kuandika ubaoni kwamba "cold feet" ni kuingiwa na woga dakika za mwisho, mjadala ufungwe, ndipo msichana aliyekaa nyuma aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama kweli miguu ilikuwa ya baridi? Nikikaa kumtia moyo mtu ambaye vidole vyake vinaganda, nitakuwa nimemsaidia nini?"

Nilishindwa kumjibu papo hapo, na niliona aibu kujifanya ninaweza.

Ofisini, chini kule Moshi, sentensi hiyo ina maana moja. Barafu, saa sita ya usiku, inazo mbili, na zote mbili zinahitaji hatua ya haraka, na hatua zenyewe hazifanani. Kuanzia hapo darasa letu lilibadilika. Tulianza kutafuta sentensi ambazo mlima unazifanya kuwa na pande mbili, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

"Butterflies in my stomach" inasikika kama ugonjwa wa tumbo, nayo ni wasiwasi wa kawaida wa mtu aliye mbele ya jambo kubwa. "Off my food" inasikika kama jambo dogo, nayo ni kukosa hamu ya chakula, ambayo huko juu ni dalili ya kuangaliwa. "Keep it down" ni ombi la kupunguza kelele, lakini mgeni akisema "I can't keep anything down", anakueleza kwamba kila anachokula au kunywa anakitapika. "I'm dying for a cup of tea" ni hamu kubwa ya chai, na mwongozaji aliyeshika neno la pili tu atakimbilia mtungi wa oksijeni. Halafu kuna "it's all downhill from here", ambayo Waingereza wenyewe huitumia kwa maana mbili zinazopingana, kwamba mambo yatakuwa mepesi kuanzia sasa au kwamba yatazidi kuharibika. Mtu akiitamka pale Kilele cha Uhuru, inaongezeka maana ya tatu, ambayo ni ukweli mtupu wa njia ya kuteremka.

Waongozaji wengi hutumia kipimo kinachoitwa Lake Louise kumkagua mgeni anayeonyesha dalili za ugonjwa wa mwinuko. Kinauliza mambo manne: kichwa kuuma, kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu, na kizunguzungu, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Zamani kilikuwa na swali la usingizi pia, likaondolewa mwaka 2018. Kipimo ni kizuri, lakini kinadhani kwamba mtu atajibu kwa maneno ya kipimo. Muulize Mwingereza wa umri fulani anajisikiaje, na kabla hajafika kwenye alama atasema "not too bad", au "a bit under the weather", au "dead on my feet", yaani amechoka hoi. Waingereza wengi wamelelewa kupunguza ukubwa wa maumivu yao wanapoyataja. Neno "kidogo" katika kinywa chao lisichukuliwe kama kipimo.

Saa kumi na moja

Waongozaji walipenda kujua misemo hii ilitoka wapi, na hapo tuligundua kwamba si yote iliyo ya kigeni kwetu kama inavyodhaniwa. Misemo mingi ya Kiingereza ilitoka katika Biblia, na Moshi ni mji wa watu wanaoijua Biblia yao. "The writing on the wall" inamrudisha msomaji kwenye karamu ya mfalme Belshaza, katika Danieli sura ya 5: maana yake ni kwamba dalili za mwisho zimekwisha kuandikwa. "To wash one's hands of", kujitoa katika lawama ya jambo, ni Pilato.

Lakini iliyolifurahisha darasa ni "the eleventh hour". Waingereza huitumia kwa maana ya dakika za mwisho kabisa, na wengi wao hawajui kwa nini ni saa ya kumi na moja wala si ya kumi na mbili, kwa sababu saa zao zinahesabiwa kuanzia saa sita usiku na saa sita mchana. Mzee mmoja wa darasa, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alicheka alipoisikia. Katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu alitoka saa kumi na moja akawakuta watu wamesimama bila kazi, akawaajiri. Saa za mchana za Wayahudi wa wakati ule zilihesabiwa kuanzia mawio ya jua, kama zetu. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja jioni, jua linakaribia kuzama. Mswahili halazimiki kuelezwa.

Hata hivyo sipendi asili ya msemo ipewe kazi isiyoiweza. Asili husaidia kukumbuka. Haisemi msemo unatumikaje leo, na nani. Mfano wangu ni "table". Mjumbe wa Kiingereza akisema hoja iwe "tabled", anataka ijadiliwe sasa. Mmarekani akisema hivyohivyo, anataka iwekwe kando. Winston Churchill alisimulia, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana vikali kuhusu waraka mmoja kwa sababu ya neno hilo, ilhali wote walikuwa wakitaka jambo lilelile. Kumbukumbu za Bunge letu, zinapoandika "hati zilizowasilishwa mezani", zinafuata Uingereza. Kwa hiyo kikundi cha Wamarekani kikiandika "let's table the extra day", ofisi iliyozoea lugha ya bungeni inaweza kuanza kuandaa bei ya siku ambayo wageni wamekwisha kuiahirisha.

"Natazama sahani"

Aliyenitikisa kuliko wote ni mwongozaji mmoja mtu mzima, aliyeanza kama mpagazi na ambaye Kiingereza chake alikipata njiani, kwa kusikiliza. Alitusikiliza sana tukizichambua sentensi, kisha akasema kwa upole:

"Mwalimu, haya ni mazuri na vijana wayajue. Lakini mimi mgeni akiniambia maneno, kwanza natazama sahani. Kama hajala, sina haja ya kujua amesema nini. Na kama sijaelewa, namuuliza: kichwa kinauma? Ananijibu ndiyo au hapana."

Nilirudi nyumbani nikiwa na shaka juu ya darasa langu lote. Kama mtu anaweza kuwavusha watu salama kwa miaka mingi kwa kutazama sahani na kuuliza swali la wazi, ninawachosha hawa vijana na nahau kwa faida ya nani?

Nimelifikiria sana, na ninaona alikuwa amesema kitu kikubwa kuliko nilichokuwa nikifundisha. Sahani nayo ni muktadha. Mwendo wa mgeni, rangi ya midomo yake, jinsi anavyofunga zipu ya koti, vyote ni sehemu ya sentensi aliyoisema. Mtoto aliyejifunza maana ya kuvaa miwani alimtazama jirani kabla ya kuelewa neno. Mzee huyu anafanya vilevile kwa Kiingereza. Na swali lake la wazi ndilo jibu ambalo msichana wa nyuma alilistahili: mwongozaji akisikia "cold feet" usiku kule Barafu, aiulize miguu na aiulize hofu.

Lakini ili uulize, lazima kwanza ushtuke. Mpwa wangu hakuuliza chochote kuhusu ugonjwa kwa sababu hakuna kilichomshtua. Sentensi ilimpa maana iliyokamilika na iliyofaa mahali pale. Hapo ndipo elimu ya nahau ina kazi yake, kumfanya msikilizaji ahisi kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Daftari na barua

Sasa darasa lina daftari kubwa ambalo kila anayeshuka mlimani huandikia. Kila sentensi inaandikwa nzima, pamoja na nchi ya msemaji, kambi, saa, na kilichotokea baadaye. Safu ya maana inaachwa wazi mpaka msemo uwe umeletwa na watu tofauti. Njia hii ni ya polepole, na vijana wanaoanza msimu wiki ijayo hulalamika, kwa haki, kwamba wanahitaji kitu cha kushika leo. Kwa hiyo orodha fupi ipo pia, nami siionei haya, ila ina misemo ya afya peke yake.

Kuhusu kuzitumia wao wenyewe, ninawashauri wazielewe nyingi na watumie chache. Kati ya wageni wa Kilimanjaro wamo Wajerumani, Waholanzi, Wafaransa, watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili kama sisi, na nahau inayomfurahisha Mwingereza inaweza kumwacha Mjerumani gizani.

Ofisi ya mpwa wangu nayo imeongeza aya moja katika barua inayotumwa kwa wageni kabla ya safari. Inawaomba wakiwa mlimani waeleze hali zao kwa maneno ya moja kwa moja: kichwa kinauma, nimetapika, ninaona kizunguzungu. Ni aya nzuri, na inarudisha sehemu ya mzigo kwa msemaji, ambaye kwa kawaida hata hajui kwamba amesema nahau.

Baadhi ya waongozaji wanaona barua hiyo inatosha. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyechoka, mwenye baridi, aliye juu ya mita 5,000 usiku, harudi kwenye barua aliyoisoma akiwa nyumbani. Anarudi kwenye lugha aliyoizoea kwa mama yake. Na mwinuko ukianza kuathiri ubongo, kuchanganyikiwa kwa maneno ni mojawapo ya dalili zenyewe. Mwongozaji asiyeweza kutofautisha msemo wa kawaida na maneno ya mtu anayepotelewa na fahamu atachelewa kumteremsha. Ndiyo maana wiki hii tumeanza kupanga upya kurasa za daftari kwa kufuata dalili badala ya alfabeti, tukianza na kichwa.